Daftari la Tajiri

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Same mjini



Nianze na utani mnaoujua. Ukifika Dar es Salaam ukajitambulisha kuwa Mpare, kabla hujavuta kiti utaulizwa kama ni kweli kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimeulizwa mara nyingi hadi nimechoka kukana. Siku hizi najibu kwamba ni kweli, na kuku tulimpata. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa natunza hesabu za maduka, gesti na mashine za kusaga kati ya Mwanga na Hedaru, na kuna jambo moja linanishangaza kila ninapofungua daftari la mteja mpya. Watu wanaoweza kukueleza mpaka wa shamba la babu yao Chome ulipita mti gani, na nani alikuwa shahidi, wanamwajiri mtu kwa mdomo. Hakuna karatasi wala tarehe, na kiasi cha mshahara kimetamkwa mara moja tu mlangoni. Kesi tunaipenda, ila ushahidi hatuuandai.

Wengi wenu hapa mtasema, mimi si mwajiri, nina mtu mmoja tu ananisaidia. Neno "ananisaidia" limetugharimu sana. Sera ya maendeleo ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 ilimhesabu hata mwenye mtu 1 hadi 4 kuwa ni biashara, akaitwa mdogo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo haikusema inaanza kumhusu mtu akifikisha wafanyakazi 10 au 20. Ukiwa na binti mmoja anayekuuzia vocha na soda pale stendi, ukamlipa, wewe ni mwajiri. Yeye ameshajua zamani, ndiyo maana anakuita tajiri.

Niwape kisa changu, kwa sababu mhubiri asiyekiri dhambi yake hasikilizwi. Niliwahi kuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapahapa mjini. Kijana aliyekuwa akipakia saruji na kukata nondo alikaa nami miaka minne. Siku moja hesabu hazikukaa sawa. Sikumwita tukakaa chini. Usiku nikampigia simu nikamwambia kesho asije. Nililala vizuri kabisa. Wiki ya tatu nikapata wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikapanda basi kwenda Moshi nikiwa na hasira na bila karatasi hata moja.

Msuluhishi alikuwa mama mpole sana, na upole wake ndio ulioniumiza. Aliniuliza mkataba uko wapi. Akaniuliza likizo ya mwisho ya huyu kijana ilikuwa lini. Akaniuliza nilimpa nafasi gani ya kujieleza. Kijana akasema tulipatana mshahara fulani, mimi nikasema kiasi kingine, cha chini kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza sheria, katika kiti kibaya cha kujifunzia. Sheria inasema mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Kukiwa na shauri na mwajiri akashindwa kuyatoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia mwajiri. Maana yake ni kwamba kijana hakuhitaji kuthibitisha mshahara wake. Mimi ndiye niliyetakiwa kuthibitisha kwamba sivyo, na sikuwa na cha kuonyesha. Tulipatana siku hiyohiyo, nikalipa. Sikuuza ng'ombe, ila saruji ya mwezi mzima ilikwenda.

Kwa hiyo niseme wazi nililokuja kusema. Tunapoulizana serikali inamsaidiaje mwajiri mdogo, macho yetu hukimbilia mkopo. Msaada mkubwa kuliko wote ambao serikali imeweka mezani kwa ajili yako si fedha. Ni karatasi ya ukurasa mmoja, na watu ambao kazi yao ni kukusikiliza kabla ugomvi haujaiva. Vyote viwili havina ada. Tunaviogopa kwa sababu tunadhani ni silaha za mfanyakazi.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Andika jina, umri, jinsia na anwani yake ya kudumu. Andika mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Asaini yeye, usaini wewe, kila mmoja abaki na nakala yake. Akiondoka usiichane. Sheria inataka uitunze miaka 5 baada ya ajira kuisha. Na tafadhali iandike kwa Kiswahili. Nimeona mwenye gesti hapa mjini kanakili mkataba wa Kiingereza kutoka kwenye intaneti, wa kampuni ya nchi nyingine, unamwahidi mfagiaji wake bima ya meno. Yeye hakujua, mfagiaji naye hakujua, lakini saini zao zote zipo.

Katika maelezo hayo kuna kipengele watu wanakiruka kwa kukiona ni kidogo, nacho ni mahali alipoajiriwa. Kwetu sisi watu wa milima na tambarare kipengele hiki kina bei. Mfanyakazi akiachishwa kazi mahali tofauti na pale alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha, yeye na vitu vyake, au kumlipa nauli. Asipofanya hivyo, posho ya kujikimu inaendelea kuhesabiwa kila siku hadi atakaposafirishwa. Sasa fikirini. Umempandia binti kwao Bombo, umeongea na wazazi wake, umeteremka naye hadi Same. Huyo ameajiriwa Bombo. Mwingine ameteremka mwenyewe kutoka Vudee kutafuta maisha, mmekutana sokoni. Huyo ameajiriwa Same. Sura ya kazi ni ileile, ila deni siku ya kuachana si lile, na bila maandishi mtabishana mpaka posho izidi nauli mara kumi.

Kuhusu mshahara wenyewe, kima cha chini kipo, na hakitungwi na jirani yako wa duka la pili. Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda, na 140,000 kwa kilimo. Oktoba 2025 serikali ikatangaza viwango vipya vya kuanza Januari 2026. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu waliobandika ukutani namba ya 2023 na wakadhani wamemaliza. Kila amri mpya ikitoka, ichukue kwa afisa kazi, isome mstari unaohusu sekta yako, ibandike, na ile ya zamani uiweke kwenye faili. Saa nazo zina kikomo: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Zikizidi, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama akijifungua ana siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3, ambazo wengi wetu hatukuzijua tulipokuwa tunalea.

Nataka nikae kidogo kwenye shoti, maana najua hapa ndipo mlipo. Jioni unafunga hesabu, umepungukiwa 40,000. Muuzaji anasema hajui. Unakata kwenye mshahara. Mwezi unaofuata tena. Mwisho wa robo mwaka muuzaji anakufanyia kazi bure, naye kwa kuwa anafanya bure anajilipa mwenyewe kimyakimya kwenye droo, shoti inakua, nawe unakata zaidi. Nimeona maduka mawili yakifa kwa mzunguko huo, na katika moja mwizi hakuwa muuzaji hata kidogo. Alikuwa mtoto wa mwenye duka.

Sheria haikukatazi kukata fidia ya hasara. Inakupangia namna. Hasara iwe imetokea katika kazi na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Umwandikie, umweleze sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga. Akubali kwa maandishi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Wengine wataona huku ni kumbembeleza mwizi. Mimi naona ni kinga kwako. Ukilazimika kuandika sababu, utalazimika kwanza kuhesabu stoku asubuhi na jioni, na ukihesabu stoku asubuhi na jioni utajua nani anachukua. Lile duka la mwenye mtoto mwizi lingeokolewa na daftari la shilingi elfu mbili.

Hapa mtaniruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 1945, hapahapa Same, makao ya wilaya, maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakaa, wakakataa kuondoka. Walikuwa wanapinga mbiru, kodi ambayo serikali ya kikoloni na watemi waliipanga kwa kukadiria mali ya kila mtu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, aliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo. Wazee wetu walikuwa wanalipa kodi, hilo halikuwa tatizo. Walichokataa ni kukadiriwa na mtu kwa kipimo wasichokiona, ambacho leo kinakuwa hivi na kesho vile kutegemea nani kakasirika. Mgomo ulivuka mwaka, wanawake nao wakaingia, na mwishowe kodi ile ikaachwa. Huwa najiuliza kijana aliyekalia gunia la saruji dukani kwangu, akingoja mshahara ambao kiasi chake kilikuwa kichwani mwangu peke yangu, alikuwa na tofauti gani na babu yangu aliyekaa chini pale bomani.

Turudi kwenye fedha. Kuna michango mnayoichukia, na mmoja nitautetea kwa nguvu zangu zote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya 2008. Sekta binafsi ilikuwa inachangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa mwaka 2021 hadi 0.6, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Tuchukue mtu wa laki mbili ili hesabu iwe nyepesi. Nusu ya asilimia moja ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Unayo mashine ya mbao, una watu watatu, unatoa 3,000. Msumeno ukichukua vidole vya mmoja wao, mfuko unagharamia matibabu na kumlipa sehemu ya kipato chake kwa muda asioweza kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu kuna mafao yake. Hakuna mabishano ya nani alizembea. Kazi yako ni kuwa umejisajili, umechangia, na umetoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7.

Usipokuwa ndani ya mfuko huo, mnajua kinachotokea, kwa sababu tumekiona. Ndugu wa majeruhi wanateremka kutoka Suji au Mamba, wazee wanakaa sebuleni kwako, kunatajwa mbuzi, kunatajwa shamba, na mazungumzo yanachukua miaka mitatu. Wachimbaji wa jasi wa Makanya na wenye mashine za mbao mlioko hapa, kwenu 3,000 hizo ni rahisi kuliko maji.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni nzito zaidi, sikatai. Asilimia 20 ya mshahara, na katika hizo huruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Kwa mtu wa laki mbili ni 40,000 kila mwezi, nusu kwa nusu. Wengi mnaikwepa kwa makubaliano na mfanyakazi mwenyewe, naye anafurahi leo kwa sababu anabeba hela yote. Makubaliano hayo hayakulindi. Wajibu wa kusajili na kupeleka ni wa mwajiri, na siku mmekosana, atakayekudai michango ya miaka yote ni yuleyule mliyekubaliana naye mkicheka. Kwa upande wa mamlaka ya mapato, mshahara usiozidi 270,000 haukatwi kodi ya mapato, na tozo ya kuendeleza ujuzi haikuhusu mpaka ufikishe wafanyakazi 10. Zamani ilianzia 4, ikapandishwa mwaka 2021. Kuna watu hapa waliogoma kuajiri mtu wa nne kwa ajili ya tozo hiyo, na bado hawajaambiwa kwamba kizuizi kimeondoka. Haya ndiyo mambo ambayo ofisi zetu zingepaswa kuyatangaza sokoni kwa kipaza sauti, kama zinavyotangaza siku ya kulipa leseni.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mnaifahamu kuliko mimi. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata, na afisa maendeleo ya jamii yupo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu 1973, wana mafunzo, wana ofisi ya mkoa Moshi. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa moja linalosahaulika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Kijana aliyejifunza kuchomelea geti kwako miaka 6 anaweza kutambuliwa bila kurudi darasani miaka miwili. Mtasema akipata cheti atanihama. Huenda. Ila nimegundua wanaohama mapema ni wale wasioona mbele yao kitu chochote pale walipo.

Sasa kuachana. Ukimwajiri mtu, miezi 6 ya kwanza sheria inakuacha huru kiasi: kanuni za kuachishwa isivyo halali hazijaanza kumhusu. Huo ndio muda wa kumtazama, na utumieni kwa macho, si kwa huruma. Baada ya hapo unahitaji sababu ya kweli na njia ya haki. Mkikosana juu ya utovu wa nidhamu, mwandikie tuhuma, mpe angalau saa 48 ajiandae, aje na mwenzake, msikilize, andika alichosema, kisha ndipo uamue. Kwa duka la watu watatu hilo linafanyika nyuma ya kaunta kwa nusu saa. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28. Akiwa ametimiza mwaka na ameachishwa bila kosa la nidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Kwa mtu wetu wa laki mbili ni kama 54,000 kwa mwaka. Mpe pia hati ya utumishi. Mimi yule wangu sikumpa, nilimpigia simu.

Akipeleka shauri la kuachishwa, ana siku 30 za kufungua. Tume itaanza na usuluhishi, nao hautakiwi kuzidi siku 30 msipokubaliana kuongeza. Mkishindwana ndipo kunakuja uamuzi, na uamuzi huo unakazwa kama hukumu ya mahakama. Nendeni siku ya usuluhishi. Nimesikia watu wakijisifu kwamba waliitwa Moshi hawakwenda. Kesi haikufa kwa sababu hawakwenda. Iliendelea bila wao.

Lakini kuna safari nzuri zaidi ya Moshi, ile unayokwenda ukiwa hujaitwa. Afisa kazi hakai ofisini kwa ajili ya kukutoza faini peke yake. Unaweza kumpelekea rasimu ya mkataba wako akakuambia pamekosekana nini. Unaweza kumuuliza kabla ya kumwachisha mtu. Nilikwenda mara ya pili, baada ya kile kisa changu, nikiwa nimebeba daftari, na nikatendewa kama mgeni. Natamani tu ofisi hiyo iwe inateremka huku mara kwa mara, maana kilomita zaidi ya 100 kwa mama lishe mwenye msaidizi mmoja ni siku nzima ya biashara iliyopotea, na yule wa Mamba Miamba anayekodi watu wa kuosha tangawizi kwa msimu ana siku mbili.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo gumu, nalo ni mtoto wa ndugu. Umemchukua binti wa dada yako akukalie dukani. Hana mshahara, ana chakula, ana kitanda, na uliahidi utamsomesha ushonaji. Kwenye mila yetu tunao msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, tunachimba mfereji au tunazibua ndiva, bwawa la kumwagilia, hatulipani, na hakuna anayelalamika kwa sababu maji yanafika kwa wote. Watu wengi wanadhani binti yule dukani ni msaragambo. Mimi nawauliza maji ya duka hilo yanakwenda shamba la nani. Kama una umri wake wa kweli, na umeshapita miaka 14 ambayo sheria inaruhusu kazi nyepesi, kaa naye na mama yake, mwandike kama unavyomwandika mtu wa nje: saa, malipo, siku ya mapumziko, na ule ushonaji uwe na tarehe. Dada yako atanuna wiki ya kwanza. Wangu alinuna mwezi mzima. Kisha akaniomba nakala, akaiweka pamoja na hati ya shamba.

Fomu za maelezo ya ajira zipo pale mezani, karibu na sufuria ya makande, kila mtu achukue mbili. Kalamu nimefunga kwa uzi, msihangaike kuondoka nayo.